Ua Halisomi Kitabu

Mtu akikuibia kuku utasema alikuwa na njaa. Lakini wifi yako akija siku ya tano baada ya mazishi ya mumeo, na gari la kukodi na wapagazi wawili, akakomba vyungu ishirini na viwili vya okidi barazani kwako huku wewe umejikunyata sakafuni na shuka begani, huyo utasema alikuwa na nini? Mkutubi, mjane mwenyewe, alilitafuta jibu hilo mwaka mzima asilipate, na yeye ndiye aliyekuwa akikaa na kamusi zote za mji mezani pake.

"Maua ni ya kaka yangu," wifi alisema siku ile, mkono kiunoni. "Damu yangu ile. Wewe baki na vitabu vyako, si ndivyo unavyovipenda?"

Wifi huyu aliitwa Madaha tangu usichana wake, kwa ule mwendo wake na ile namna ya kukunja kidole cha mwisho akishika kikombe. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Alibeba kila kitu: vyungu, kopo la kumwagilia, hata waya za kufungia vikonyo. Alichoacha ni kitabu kimoja kinene cha okidi kilichofumuka mgongo, maana Madaha na kitabu walikuwa paka na maji.

Sasa sikiliza yaliyokuwa ndani ya vyungu hivyo, ndipo utajua kwa nini mwanamke mpole, aliyewahi kuwaomba radhi panya wa maktaba kabla ya kuwawekea mtego, aligeuka kuwa nyoka.

Mumewe alikuwa fundi saa. Mtaani walimwita Jicho Moja, si kwamba alikuwa chongo, bali ile lenzi yake ya kazi ilikuwa haimtoki jichoni; aliwahi kwenda nayo harusini na kupigwa nayo picha. Jioni akirudi dukani walikaa barazani, mke akisoma kitabu cha okidi kwa sauti, mume akitenda. Kitabu kikisema mizizi ipumue, anatoboa chungu. Kitabu kikisema majani yapanguswe, anayapangusa kwa kitambaa cha kufutia vioo vya saa. Watoto hawakujaliwa. Walijaliwa okidi.

Miaka minane kabla ya mazishi hayo, Jicho Moja alichukua chavua ya okidi moja ndogo ya kahawia, inayonuka kama panya aliyefia kabatini, akaipachika kwa kibano chake cha saa kwenye ua la okidi kubwa nyeupe. Mkewe akamfungulia ukurasa na kumsomea: "Watoto wa okidi hii ndogo humfuata mzazi huyo kwa rangi na kwa harufu."

"Ua halisomi kitabu, mke wangu," akajibu, lenzi jichoni, mkono hautikisiki.

Mbegu zilikuwa laini kama vumbi. Walizipanda ndani ya chupa zilizochemshwa, na katika maelfu ukanusurika mche mmoja tu. Okidi si mchicha. Mwaka wa kwanza jani, mwaka wa pili jani, mwaka wa tatu unajiuliza kama jani la mwaka wa kwanza bado lipo. Mwaka wa saba Jicho Moja akaugua, na mche ulikuwa haujatoa hata kikonyo. Chama cha wapanda maua kilikuwa na sheria moja ya zamani: okidi mpya ikiletwa kwenye maonyesho na ua lake, hata kama ni tumba lililoanza kupasuka tu, aliyeileta ndiye anayeipa jina, na katibu analiandika kwa wino kwenye rejista. Likiandikwa halifutwi, hata aje nani.

"Likichanua," mgonjwa alisema, "liite Jicho Moja. Nisipotee kabisa."

"Nitaliita," mkewe akasema, na akaapa.

Hiyo ndiyo ahadi iliyopanda gari la kukodi siku ya tano.

Miezi ikapita, na habari zikawa zinamfikia Mkutubi moja moja, kila moja na mwiba wake. Madaha anamwagilia okidi kila siku asubuhi na jioni kama bustani ya mboga. Okidi nane zimeoza. Kumi na tano zimeoza. Mwisho ukabaki ule mche mmoja, mkaidi kama baba yake wa kahawia, na huo, wallahi, ukatoa kikonyo chenye matumba sita.

Madaha akampigia simu mwenyewe. "Wifi, ua la kaka linakuja! Nalipeleka maonyesho. Nimeshalichagulia jina: Madaha. Litaandikwa kwenye rejista, hata nikifa nitaitwa." Akacheka. "Kuna kitu cha kuchunga lisiharibike? Wewe si ulikuwa unamsomea somea?"

Mkutubi alimchukia mwanamke yule kwa chuki safi, isiyo na doa la huruma, na ilimfurahisha kuwa nayo. "Nitakuletea kitabu," akasema kwa sauti tamu. "Kila kitu kimo humo."

Kesho yake alifika kwa Madaha na vitu viwili. Cha kwanza, kile kitabu, na uzi mwekundu kwenye ukurasa ulioandikwa kwamba matunda mabivu hutoa hewa ya sumu kwa okidi. Yasiwekwe kamwe chumba kimoja na matumba, ama matumba yote yatadondoka. Cha pili, kapu la ndizi zilizoiva mpaka zina madoa, na maembe yanayonukia mpaka barabarani.

Usimwite mwongo. Ugonjwa aliuleta, dawa akaileta pia, na dawa aliitia alama nyekundu. Ilikuwa kufungua tu.

"Jamani wifi, ulivyo na moyo!" Madaha akasema. Baraza yake ilikuwa imezibwa kwa vioo pande zote, hapapiti hata pumzi ya sisimizi, kwa ajili ya vumbi. Okidi ilikuwa mezani katikati. Madaha akaliweka kapu kando yake, akarudi nyuma kuangalia, akaona chungu kiko chini mno kwa kapu. Akakichukua kitabu, akakilaza mezani, akakipandisha chungu juu yake. "Hapo sawa. Kumbe kina faida!"

Mkutubi akanywa chai yake yote, akaaga. Njiani alijikuta anatabasamu peke yake kama mwendawazimu. Wahenga walisema mstahimilivu hula mbivu. Hawakusema ni lazima azile yeye.

Siku ya maonyesho Madaha aliingia ukumbini na gauni la kumetameta na kijiti kitupu ndani ya chungu. Matumba sita yalikuwa yamegeuka manjano na kudondoka, moja baada ya jingine, ndani ya siku nne. Alidhani waamuzi wataangalia majani. Katibu wa chama, mzee mwenye kalamu mbili mfukoni, akazunguka kile kijiti mara mbili, akafunga rejista. "Hakuna ua, hakuna jina, mama." Mtu akacheka nyuma. Kicheko ukumbini ni kama moto kwenye nyasi kavu.

Mkutubi alisimama karibu na nguzo, akala uso wa wifi yake kwa macho kama mtu mwenye njaa ya wiki. Utamu ule hakuwahi kuupata kwenye asali. Na mlangoni, Madaha akamsukumia chungu kifuani.

"Chukua gundu lenu! Mmea wenu una kijicho, kama wewe."

Kitabu kile kile kilikuwa kimesema, aya ya chini yake, kwamba hewa ya matunda huua matumba tu. Mmea wenyewe haudhuriki. Mkutubi akaukumbatia mmea wake, akarudi nao nyumbani.

Hapo ndipo hadithi ingeisha, kama moyo ungekuwa na akili. Ahadi mkononi, mmea mkononi, adui chini. Lakini kisasi ni kama kujikuna: ukianza, ngozi haikwambii basi. Mwaka mzima, huku akipangusa majani kwa kile kitambaa cha vioo vya saa, Mkutubi aliwaza zile okidi ishirini na moja zilizooza. Aliona cheko moja la ukumbini halitoshi. Watu walikuwa wameshalisahau. Madaha alikuwa ameanza tena kutembea kwa madaha.

Kikonyo kikatoka, na matumba matano. Yalikuwa ya kahawia kwa nje, yenye vinyweleo, na ukiyakaribia, ndiyo, palikuwa na harufu kwa mbali ya kabati lenye panya. Mkutubi akafungua kitabu, ambacho Madaha alikuwa amekirudisha na duara la maji kwenye jalada. Humfuata mzazi huyo kwa rangi na kwa harufu. Alisoma mstari ule mara tatu, na mara ya tatu alicheka kwa sauti.

Siku ya kwanza ya maonyesho, tumba la chini lilikuwa limepasuka kidogo tu, kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Katibu akafika mezani na rejista.

"Jina?"

Alikuwa na ahadi kinywani, tayari kabisa. Akawaza: mume wangu aitwe uvundo milele? Watu wajibane pua mbele ya jina lake? Hapana, hata yeye asingetaka. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, na msomaji mzuri hujidanganya vizuri.

"Madaha," akasema.

"Una hakika, mama? Wino huu haurudi nyuma."

"Andika, baba. Na uandike kwa herufi kubwa."

Katibu akaandika. Mkutubi akatoka nje, akampigia simu wifi yake. "Njoo kesho ukumbini. Kuna ua limepewa jina lako." Akakata kabla hajasikia jibu. Alijua angekuja mbio, na gauni, na watu wa kumsindikiza. Angeinama kulinusa.

Siku ya pili Mkutubi aliwahi, ili achague mahali pazuri pa kusimama. Akakuta kundi la watu limezunguka meza yake kimya. Akajipenyeza.

Joto la ukumbi lilikuwa limefungua matumba matatu. Ile rangi ya kahawia na ile harufu vilikuwa vya nje tu, vya gamba. Ndani palikuwa peupe, weupe wa maziwa, na katikati ya kila ua doa moja jeusi la mviringo, na kuzunguka doa hilo pete nyembamba ya dhahabu, hasa hasa kama lenzi ya fundi saa. Akainamisha pua. Palinukia kama chumba alichopita mtu aliyeoga sasa hivi.

Alimkimbilia katibu, akamshika mkono wa koti. "Baba, nimekosea. Badilisha. Jina lake ni Jicho Moja, kila mtu anaona!"

"Hata mimi naona," katibu akasema kwa upole, na huo upole ndio uliomuumiza. "Lakini niliuliza, mama. Niliuliza."

Madaha akaingia. Alikuja peke yake, hakuwa na gauni la kumetameta. Alivaa kama mtu anayekwenda kuaibishwa na amekubali. Akasoma kibandiko mezani. Akakisoma tena, kidole kikifuata herufi, maana kusoma hakukuwa kazi yake. Akalitazama ua. Kisha yule mwanamke wa kidole kilichokunjwa akaangua kilio mbele za watu, makamasi na kila kitu, akamrukia Mkutubi shingoni.

"Wifi! Baada ya niliyokufanyia! Nilikuja najua umeniwekea mtego. Nikasema naustahili, acha niende. Kumbe umenisamehe!"

Watu wakapiga makofi. Mwamuzi mmoja akajifuta macho. Mkutubi alisimama wima kama mwiko, mikono imening'inia, akiwa anapongezwa kwa moyo mwema.

Madaha akajitoa, akaligeukia ua. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya dada mdogo wa mtu. "Ni yeye kabisa, eh? Na ile lenzi yake." Akamgeukia. "Wifi, mbona hukuliita kwa jina la kaka?"

Mkutubi alikuwa na majibu kumi mazuri, ya kitabuni, ya unafiki. Hakuna hata moja lililotoka.

"Nilidhani litanuka," akasema.

Madaha akacheka katikati ya machozi, akadhani ni utani wa kufuta msiba. Akainama, akalinusa ua lenye jina lake pumzi ndefu, na ua likawa linamtazama Mkutubi juu ya bega lake.