Anguko la Arobaini na Moja

Usingizi unamchukua Naishiye saa nane mchana, paji la uso likiwa juu ya mkono, mkono juu ya meza, na sahani ya wali maharage aliyoiacha nusu ikipoa pembeni. Hajakusudia kulala. Ofisi yao ipo ghorofa ya tatu mjini Arusha, watu sita na kompyuta tisa, na wanachofanya ni kutengeneza vipande vya magemu ambavyo kampuni kubwa za nje hazina muda wa kuvitengeneza zenyewe. Kampuni moja inataka miti ichorwe, nyingine inataka magari. Naishiye anapewa vifo. Ni yeye anayewapa mwendo askari wa ndani ya gemu pale risasi inapowapata: huyu anarushwa nyuma, huyu anajikunja tumbo, huyu anadondoka kama gunia. Alikuwa ametengeneza arobaini bila mtu kusema neno, na cha arobaini na moja ndicho kilichowafurahisha wasambazaji wa gemu kule Ulaya. Askari anapigwa, anashuka goti moja, anagusa sikio la kulia kana kwamba kuna mtu amemwita, kisha analala ubavu, taratibu, kama anayejilaza mwenyewe. Asubuhi ya leo wameandika: tunalitaka anguko hili kwa kila anayekufa, jeshi zima, liwe refu zaidi, damu iongezwe, litufikie kabla ya saa kumi na moja jioni. Hizza, mwenye ofisi, amezunguka meza zote akiwapa watu mkono. Hajui, wala Naishiye hajamwambia mtu, kwamba anguko lile hakulibuni. Ni la kaka yake Lomayani, mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa madini, aliyeuawa kwa risasi na mlinzi kwenye mdomo wa shimo la madini miaka miwili iliyopita, adhuhuri, mbele ya watu, baada ya wachimbaji wa mashimo mawili kukutana chini ya ardhi na kuanza kupigana. Kuna aliyerekodi kwa simu. Video ina sekunde kumi na moja. Naishiye ameitazama mpaka anaweza kuichora akiwa amefumba macho, na siku moja, kazi ilipomkwama, akaichora.

Sasa amefumba macho, na meza inalegea chini ya mkono wake. Mkono unazama, bega linafuata, kichwa kinafuata, na upande wa pili kuna barabara. Ni nyeupe, pana, haina vumbi wala kivuli, na juu kuna mchana usio na jua. Anageuka kutafuta ofisi, anaona barabara ileile ikiendelea kule alikotoka, ndefu vilevile. Mtu anamngoja. Ana mikono, ana vidole, ana hata kucha, lakini usoni hana kitu, ni ngozi ya kijivu tu kuanzia paji hadi kidevu, kama watu wa ndani ya gemu wanavyokuwa kabla hawajamaliziwa. Dada, umechelewa, anasema mtu huyo, na sauti inamtoka kifuani. Naishiye anamuuliza, wewe ni nani? Mimi ni yule uliyempa mwili ukasahau kumpa sura, anajibu. Unanipeleka wapi? Unakofanya kazi kila siku na hujawahi kufika. Anatangulia kama kiongozi, Naishiye anamfuata, na barabara inawakunja kushoto, inawakunja kulia, kisha kushoto tena, mpaka unatokea mji.

Ni mji wenye pacha. Nyumba zimesimama juu ya kioo, na chini ya kioo nyumba zilezile zimening'inia kichwa chini, na watu walewale ndani yake. Wa juu wameketi kwenye kompyuta. Wa chini hawajaketi. Kila wa juu akigusa kitufe, pacha wake wa chini anapigwa: jino linaruka, mkono unakatika, tumbo linapasuka na kumwagika, na kitufe kinaguswa tena na jino linarudi mahali pake ili liruke upya. Naishiye anauliza, mji huu unaitwaje? Huu ni Montreal, anajibu kiongozi, tukipinda ni Seoul, tukipinda tena ni Warszawa, ila usijisumbue na majina, meza ni moja. Wanapinda. Katika chumba kimoja mwanamume mwenye ndevu anapasua matikiti kwa shoka mbele ya kipaza sauti, kwa sababu gemu inataka sauti ya fuvu likipasuka, na chini ya miguu yake, ng'ambo ya kioo, ni mafuvu kweli. Katika chumba kingine mwanamke amepanga vikombe ishirini vya damu na anavichagua kwa macho mekundu ya mtu asiyelala. Ya jana wameikataa, anamwambia Naishiye kama wanaofahamiana, walisema inafanana na juisi. Wewe unafanya nini? Naishiye anasema, nafanya maanguko. Mwanamke anaweka kikombe mezani. Kumbe ni wewe, anasema, na anamgeuzia mgongo.

Ndipo ardhi inapoanza kutetemeka. Mwanzoni Naishiye anadhani ni mlima unaosogea, kisha anaona madirisha, anaona ngazi, anaona geti, na anaelewa kwamba ni jengo refu linalotembea, na getini pana meno. Hao ni wasambazaji, anasema kiongozi. Hawatengenezi, wanakula wanaotengeneza. Jengo linainama juu ya mji, linaung'oa kwenye kioo chake kama mtu ang'oavyo kitunguu, linautafuna. Viti vinatemwa. Watu wanakimbia wakiwa wamekumbatia kompyuta vifuani, na wanaokimbia polepole wanamezwa huku nyaya zao zikiwa bado zinaburutwa. Kutoka kwenye ngazi za jengo askari wanashuka kwa maelfu, wote wa kijivu, wote bila sura, wanafyatua risasi kwa waliokimbia na wao kwa wao, na damu iliyochaguliwa vikombeni inaruka ukutani, na hii haifanani na juisi hata kidogo. Askari wa kwanza anapigwa hatua tatu tu kutoka kwa Naishiye. Anashuka goti moja. Anagusa sikio la kulia. Analala ubavu. Wa pili anashuka goti, anagusa sikio. Mstari mzima wa nyuma yao unashuka goti, mikono mia inapanda kwenye masikio mia, na miili mia inajilaza kwa pamoja, halafu geti linaguna na wote wanasimama tena kuuawa upya. Naishiye anapiga kelele lakini mlio wa bunduki unaifunika sauti yake. Anaokota mtaimbo uliodondoka kwenye mabaki ya mji, chuma kizito kama kile alichokuwa akitumia Lomayani shimoni, na anaukimbilia mlango wa jengo. Anataka kuvunja kile kinachowanyanyua. Askari anamzuia, Naishiye anampiga mtaimbo wa shingo na anasikia mfupa ukivunjika mpaka mikononi mwake. Askari anashuka goti moja, anagusa sikio, na anapoinamisha kichwa, ile ngozi ya kijivu inafunguka na sura ya Lomayani inatokea, macho wazi, kisha analala. Naishiye anampiga wa pili kabla hajaelewa. Ni Lomayani. Anampiga wa tatu kwa sababu mkono ulikuwa umeshainuka, na ni Lomayani, na damu ya kaka yake inamwingia mdomoni, ina joto. Anautupa mtaimbo kana kwamba umemuunguza.

Naishi, imetosha. Hakuna mtu mwingine ila Lomayani aliyewahi kumwita hivyo. Amekaa kwenye kizingiti cha geti, amevaa viatu vyake vya mgodini, na yeye peke yake katika uwanja ule wote ana sura hata kabla ya kuanguka. Shati lake lina tundu moja. Naishiye anapiga magoti mbele yake na hathubutu kumgusa. Unaumia? anamuuliza. Siumii tena, anasema Lomayani. Ila nimechoka kunyanyuka. Wewe hujui inavyochosha. Mtu anacheza huko sijui wapi, ameshiba, amekaa kwenye kochi, ananiua mara mia kabla hajaenda kuoga. Naishiye anasema, nisamehe. Nilianza kukusahau. Ile video haioneshi uso, inaonesha tu unavyoanguka, nikaona hata anguko hilo litapotea. Ulitaka kuniweka, anasema Lomayani, ukaniweka mahali pabaya. Hasemi kwa hasira. Anasema kama alivyokuwa akimwambia zamani kwamba ameufunga mzigo vibaya kwenye pikipiki. Naishiye anageuka kwa kiongozi aliyesimama nyuma yao na anamuuliza, anatokaje humu? Geti hili halijui watu, anajibu kiongozi, linajua maanguko tu. Moja likitoka, lazima jingine liingie. Naishiye anasema, ninayo arobaini. Kiongozi anatikisa kichwa kisicho na uso. Yale uliyabuni. Hayana mwenyewe.

Anaelewa. Lomayani naye anaelewa, maana anamshika mkono kwa nguvu zake zote za mchimbaji. Naishi, usifanye hivyo, anasema, mama atabaki na nani? Atabaki na wewe, anasema Naishiye, na anamfungua vidole, kimoja kimoja. Anatembea mpaka katikati ya uwanja, mbele ya askari, na anasimama. Ametengeneza vifo kwa miaka minne na alidhani anajua kifo kinavyokuja. Risasi inamwingia chini ya mfupa wa shingo na hakuna chochote alichokijua. Hakuna taratibu, hakuna uzuri. Miguu inapigana yenyewe kwa yenyewe, ulimi unang'atwa, mikono inatafuta meza ya kushika na meza haipo. Anaangukia mdomo. Jino linavunjika kwenye kioo, mkojo unamtoka, kifua kinavuta pumzi na kinapata maji mazito yenye chumvi, na anakwaruza kioo kwa kucha kama kuku aliyechinjwa, muda mrefu, muda mrefu mno. Kwa jicho moja anaona jeshi zima uwanjani likianguka hivyohivyo, ovyo, kwa midomo, maelfu yao wakikwaruza. Hakuna hata mmoja anayegusa sikio. Na kati yao viatu viwili vya mgodini vinasimama, vinasita, vinaondoka vikitembea kwenye barabara nyeupe, mpaka jicho linajaa giza.

Hizza anamtikisa bega. Amka, anasema, wamejibu. Naishiye anainua uso. Ni saa tisa na robo, jua la mchana limejaa dirishani, na mdomoni ana ladha ya chuma. Kina nani wamejibu? Wasambazaji, anasema Hizza, lile anguko ulilowatumia saa nane na nusu, wanasema hawajawahi kuona kitu kama kile, wanauliza umekitoa wapi. Naishiye anasema, mimi nilikuwa nimelala. Labda ulituma ukajilaza, anasema Hizza, mtu akichoka hakumbuki. Kwenye kompyuta askari anapigwa, miguu inapigana, anaangukia mdomo, anakwaruza chini kwa kucha. Naishiye anapitisha ulimi kwenye meno. Anachukua simu, anaitafuta ile video ya sekunde kumi na moja, anatafuta kwenye picha, anatafuta kwenye jumbe za miaka miwili iliyopita, na haipo. Hizza, anasema polepole, unamfahamu kaka yangu? Hizza anamtazama kama mtu asiyeelewa utani. Si ndiye yuko chini kwa mlinzi nusu saa sasa, anasema, anasema mmekubaliana leo mwende kwa mama, nilikuwa nakuja kukuamsha kwa hilo pia.

Anasimama. Anatembea mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi. Chini kabisa, ghorofa tatu, kuna mtu anaongea na mlinzi habari za bei ya mafuta na anacheka. Kicheko anakijua. Anashika ukuta na anashuka ngazi moja, kisha anasimama, anasikiliza kama mguu wake umetoa sauti ya mguu wa mtu aliye hai. Hana hakika. Anashuka ya pili.