Mtu Badala ya Fimbo

Masika ya mwaka hamsini na sita yaliporomosha udongo wa mlima juu ya reli, kati ya Sanje na Kisawasawa, na tope likasomba vitu viwili ambavyo kampuni ya mbao haikuvipata tena: waya wa simu na fimbo ya njia. Fimbo yenyewe ilikuwa kipande cha mti tu chenye pete ya shaba, lakini dereva ambaye hakuishika mkononi hakuruhusiwa kuingiza treni katika sehemu ile. Reli ilikuwa moja, fimbo moja, na kwa hiyo treni moja. Ilikuwa kanuni rahisi, na ndiyo iliyokuwa ikiwaweka watu hai.

Vibarua walichimba mpaka treni zikaweza kupita kwa kunyata, huku mawe yakiendelea kudondoka. Ndipo mzee Apolinari, mkuu wa stesheni ya Kisawasawa, alipomwita Fulgensi, mmoja wa wafanyakazi wake, akamfunga kitambaa chekundu mkononi, akamwambia kwamba tangu siku hiyo fimbo ni yeye. Treni isiingie bila yeye kuwamo. Akionekana nje, kila mtu ajue kwamba ndani hamna kitu.

Aliyetunga kanuni hiyo, awe nani, hakujisumbua kufikiria usingizi. Fimbo ya mti hutundikwa ukutani kazi ikiisha, lakini Fulgensi hakuwa na ukuta. Alipanda na chakula cha vibarua, akashuka na magogo, akapanda tena na mataruma ya kulazia reli, akashuka tena na magogo. Ugali alikula amesimama. Usingizi aliuiba ameketi juu ya kuni za injini, magoti kidevuni, na dereva akimwamsha alikuwa anajibu salamu ambayo hakuna aliyempa. Siku zilimchanganyikia zote zikawa siku moja ndefu yenye moshi. Aliichukia reli, akamchukia na mlima.

Na bado hicho hakikuwa kilichomuuma zaidi. Mke wake, Brigita, alikuwa Michenga kwa wazazi wake pamoja na mtoto wao Balbina, na hakuwa na mpango wa kurudi. Baba yake Brigita alifariki mvua zilipoanza. Fulgensi aliomba ruhusa, akanyimwa kwa sababu ya hali ya njia, na mzee akazikwa mkwe hayupo. Mkwe asiyeonekana kwenye maziko ya baba mkwe! Watu wa Michenga walimsema wakachoka, kisha wakapumzika, wakaanza upya. Mwisho kaka za Brigita walituma ujumbe. Siku ya kuanua matanga Fulgensi aje, akae chini mbele ya wazee, aombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Asipotokea siku hiyo asisumbuke tena, mke na mtoto watabaki kwao.

Siku yenyewe ikafika. Apolinari alikuwa amekwisha kubali kwamba Dionisi, kijana mwaminifu wa stesheni ya Ifakara, aje na treni ya asubuhi kumpokea Fulgensi. Wangepokezana zamu ana kwa ana pale Kisawasawa, kisha Fulgensi apande lori la mpunga linaloelekea Ifakara, ashukie njia panda ya Michenga. Alioga kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akavaa shati safi, akaketi kwenye benchi kusubiri.

Jua likapanda, treni ya Ifakara haikutokea. Dereva wa lori akaanza kupiga honi. Apolinari alikuwa ndani kwake, amezidiwa na homa, anatetemeka chini ya blanketi. Fulgensi alifika mlangoni, akamsikia akiguna, akasema moyoni kwamba si vizuri kumsumbua mgonjwa. Ukweli ni kwamba alijua mzee angemkatalia.

Kwenye reli ya pembeni treni ya dereva Melkiori ilikuwa ikisubiri na chakula cha vibarua. Melkiori alikuwa mtu mwema, na ubaya wa mambo ulianzia hapo. Alimtazama mwenzake, na macho yale mekundu kama pilipili, akamwonea huruma ya kweli.

"Nipe hicho kitambaa, ndugu yangu," alisema. "Nitapanda nacho, nitashuka nacho. Kuna nani mwingine humo ndani? Nenda ukaanue matanga ya mkweo."

Fulgensi aliijua kanuni. Aliijua kuliko sala zake, maana sala zilikuwa zimeanza kumpotea. Lakini alikuwa amechoka kiasi kwamba neno lolote la huruma lilimwingia kama uji wa moto tumboni. Akafungua fundo kwa meno, akampa. Melkiori akakifunga kitambaa kwenye taa ya injini, akapiga filimbi, akaondoka. Fulgensi akapanda lori.

Barabara ilikuwa tope tupu. Lori lilikwama, likasukumwa, likakwama tena, na walipoupita mto mdogo nje ya kijiji bado mtu angeweza kuona mabati ya stesheni. Hapo ndipo treni ya Ifakara ilipotokea kwa mbele, ikija taratibu kwenye reli iliyokwenda sambamba na barabara. Dionisi alikuwa amesimama kwenye mlango wa injini. Alipomwona Fulgensi juu ya magunia, amevaa shati safi, uso ukamchangamka. Akampungia mkono. Fulgensi naye akampungia, kwa furaha kabisa, na treni ikapita.

Mkono ukamfia hewani.

Dionisi amemwona. Fulgensi yuko nje, kwa hiyo ndani hamna kitu. Ndivyo walivyofundishwa wote wawili, kwamba fimbo ni mtu wala si kitambaa, na leo mtu huyo ni Dionisi. Huyu kijana amechelewa, hatauliza mtu, na wa kumuuliza yuko kitandani na homa. Injini itakunywa maji Kisawasawa, kisha itaingia. Na Melkiori saa hiyo atakuwa anashuka, na magogo nyuma, na juu ya magogo vibarua waliomaliza zamu. Watakutana kwenye kona chini ya mlima, mahali ambapo dereva haoni hatua ishirini mbele. Fulgensi hakuwa amemwambia Dionisi neno lolote la uongo, ila sura yake tu ilikuwa imedanganya.

Alipiga paa la lori kwa ngumi mpaka dereva akasimama. Dereva alimwambia waziwazi kwamba hatageuza wala hatamsubiri, na akishuka ameshuka. Fulgensi alitazama upande wa Ifakara. Kwa macho ya moyoni alimwona Brigita katikati ya ndugu zake, akitupia macho njia. Akalia pale pale, mbele ya watu, akaruka chini.

Alikimbia juu ya mataruma, viatu mkononi. Alianguka, akainuka, shati likawa si safi tena. Alipofika stesheni, bomba la maji lilikuwa limekwisha ondolewa kwenye injini na magurudumu yalikuwa yameanza kuzunguka. Alidaka mlango akaning'inia.

"Melkiori yumo ndani," alisema. "Nilimpa kitambaa."

Dionisi aliruka akavuta breki mwenyewe. Wakasubiri, injini ikipumua, mpaka filimbi ilipolia upande wa mlima na treni ya Melkiori ikajitokeza. Vibarua walikuwa wamejilaza juu ya magogo, wengine wamelala fofofo. Hawakujua kitu. Mmoja wao aliamka akaomba maji.

Apolinari alitoka amejifunga blanketi, akasikiliza yote akiwa ameegemea nguzo. Hakufoka, labda kwa sababu ya homa. Alimwamuru Fulgensi akichukue kitambaa kutoka kwa Melkiori na kumkabidhi Dionisi mkono kwa mkono, madereva wote wakiona. Kisha akamwambia akalale, kazi hiyo haimhusu tena. Lori lilikuwa limekwenda zake, na lingine halikuwapo siku hiyo.

Kesho yake asubuhi Brigita alishuka kwenye lori. Alikuja kuchukua vyombo vyake. Fulgensi alimkuta nyumbani anavipanga kwenye kanga, sufuria kwa sufuria, amempa mgongo.

"Dereva anasema uliteremka njiani," Brigita alisema. "Hukuugua wala hukufukuzwa. Ulikimbia kurudi huku. Kaka zangu wanasema mtu anayeyakimbia matanga haitwi mara ya pili."

Fulgensi akamweleza. Hakujipamba wala hakumsingizia Melkiori. Alisema kitambaa alikitoa kwa hiari yake, kwa sababu alitaka kuwahi Michenga, na nusura aue watu waliokuwa wamelala. Brigita aliacha kufunga mzigo. Akaketi chini, kifuniko cha sufuria mkononi.

"Siku ya kumzika baba ulituma shuka," alisema. "Dada yako alilileta. Lilikuwa zuri, tukamfunika nalo. Watu wakalishika, wakalisifu, halafu wakaniuliza mwenye shuka yuko wapi. Sikuwa na jibu, baba Balbina. Nilisimama pale kama mjane." Akageuka kumtazama. "Ni jana tu ndiyo umejua kwamba kitambaa hakikai mahali pa mtu?"

Shuka lile Fulgensi alilinunua kwa kujinyima, na siku zote hizo alikuwa amejiambia kwamba limemsemea.

"Kazi wamenivua," alisema. "Naweza kwenda sasa."

"Matanga yamekwisha anuliwa."

"Najua."

Brigita akafunga fundo la mwisho. Hakutabasamu, na sauti yake ilikuwa imechoka kama ya mumewe. "Hayo uliyonieleza sitakubebea mimi. Utayasema mwenyewe, kaburini na kwa kaka zangu. Wakikufukuza, wakufukuze ukiwepo."

Fulgensi alinyanyua mzigo wa vyombo akauweka begani, wakaenda barabarani. Lori halijaondoka, alikuwa amekwisha lala juu ya magunia, kichwa kikigonga ubao. Brigita alimtazama kidogo, akamsogezea gunia chini ya kichwa, akamwacha alale mpaka njia panda ya Michenga.