Njia ya Kiti cha Rebeka

Jiwe lilikataa. Mhoja alilimwagia maji ya mwisho, mvuke ukapanda pamoja na harufu ya tairi lililoungua, akaishika nyundo kwa mikono miwili na kulipiga pale palipokuwa peusi zaidi. Likabanduka ganda moja jembamba, basi. Alisimama akisubiri maumivu ya mgongo yapoe, akapiga tena. Safari hii nyundo ilidunda tu.

Angekuwa na tairi jingine angelichoma juu yake. Lakini la akiba lilikuwa limeibiwa nyuma ya nyumba, na wiki nzima alikuwa akiwalaani wavunja mawe wenzake wa mlima huu wa Mabatini, kila mmoja kwa jina lake.

"Shemeji, hujambo?"

Kashindye, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa amepanda kutoka barabarani akihema. Alilizunguka jiwe kwa shida, ubavu ukisugua mwamba.

"Sijambo. Karibu."

"Ndiyo njia yenyewe hii?"

"Ndiyo. Limebaki hili tu."

"Hili tu," Kashindye alisema, akiliangalia. Lilikuwa limelala katikati ya kuta mbili za mwamba kama ng'ombe anayecheua, na halikuwa na dalili ya kuinuka. "Gari la mizigo linanisubiri chini. Dereva ni mtu wa kwetu Misungwi, lakini na yeye ana safari zake."

Walipanda pamoja hadi nyumbani, na njia nzima alitamani shemeji yake aseme neno moja zuri juu ya kazi ile. Palipokuwa na ngazi za mawe sasa palikuwa na mteremko. Kona zote alizipanua, mashimo aliyajaza kokoto na kuzishindilia. Kashindye alipita juu ya vyote hivyo akiangalia asichafue kanga yake.

Zamani kazi hii isingehitajika. Mhoja alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha pamba na mgongo usio na kasoro. Asubuhi alimbeba mkewe Rebeka, ambaye miguu yake haikuweza kutembea, hadi kwenye baraza la duka la Mwanaharusi kule barabarani, akamketisha mbele ya cherehani yake ya mkono, jioni akamrudisha. Siku ya kumchukua kwao alikuwa amemwambia baba mkwe mbele ya watu wote: "Kwangu mimi hatatambaa." Hakutambaa. Hata kutoka kitandani hadi mkekani alimbeba, na majirani wakamsifu hadi wakachoka. Sifa ile aliipenda, tusifichane.

Kisha kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na yeye akaangukia kwenye mawe. Kokoto zilikuwa zikitafutwa sana kwa ajili ya viwanda vipya vya sangara kule ufukweni. Mawe yakamlisha, na mawe hayohayo yakamvunja mgongo. Tangu mvua za masika Rebeka alikuwa hajashuka. Kiti cha magurudumu alichopewa na masista kilitengenezwa kwa sakafu za hospitali, na mlima huu hauna sakafu. Jioni moja alikuwa amemwambia mumewe bila hasira yoyote:

"Hapa nimekuwa godoro. Asubuhi naanikwa, jioni naingizwa ndani. Dada ananiita. Kwao kuna tambarare."

"Nipe muda nichonge njia."

Muda alipewa. Leo ulikuwa umekwisha, na wote watatu walikuwa wamekubaliana: kiti kikifika barabarani, Rebeka anabaki na cherehani yake na mumewe. Kisipofika, anapanda gari.

Rebeka alikuwa tayari kwenye kiti, amevaa gauni la bluu la kanisani, mkoba mapajani. Furushi lake la nguo lilikuwa mlangoni, limefungwa. Kashindye alijitwika kichwani bila kuulizwa.

Mhoja alifunga kamba nyuma ya kiti, akaizungusha kiunoni, na safari ikaanza. Aliegemea nyuma kwa mwili wake wote ili kiti kisimponyoke. Magurudumu ya mbele, madogo yale, yalikuwa yakitetemeka kwenye kokoto, na kila yalipokwama Rebeka alisukuma kwa mikono yake bila kungoja. Kona ya kwanza wakapita. Kwenye mteremko wa pili kamba ilimkata Mhoja kiunoni hadi akauma meno. Jirani mmoja aliyekuwa akianua dagaa aliwaita, "Rebeka, leo umetoka!" na Rebeka akacheka kicheko ambacho Mhoja alikuwa hajakisikia tangu masika. Akasahau mgongo kwa hatua chache.

Ndipo wakalifikia jiwe.

Alijaribu kushoto, gurudumu likagonga mwamba. Alijaribu kulia. Kiti kilikuwa kipana kuliko nafasi, na hilo alilijua tangu alfajiri, ila alikuwa na tumaini la kijinga kwamba kikiwa na mtu mambo yatakuwa mengine.

"Panda mgongoni," alisema, akageuka na kuinama.

"Mhoja."

"Panda, nimesema!"

Rebeka akamshika mabega. Mhoja akainuka nusu, akasikia kitu kikichoma kutoka kiunoni hadi kisigino. Akamrudisha kitini kwa taabu na kuketi chini kwenye majivu ya tairi lake. Alichoka. Alichoka na jiwe, na kamba, na miezi yote ile ya kuunguza na kugonga, na machozi yakamtoka mbele ya shemeji yake.

"Basi," Kashindye alisema kwa upole. "Umejitahidi, shemeji. Nani atasema hukujitahidi? Nikamwite dereva na vijana wake waje wambebe hadi garini."

"Hakuna wa kunibeba," Rebeka alisema.

Alifungua mkoba. Akatoa vipande viwili vya mpira mnene mweusi, vimekatwa kwa ukubwa wa kiganja, vimeshonewa mikanda ya kitambaa cha ovaroli kuukuu. Akavivaa mikononi. Mhoja aliitambua ovaroli yake ya kiwandani. Kisha akalitambua tairi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Waombe radhi wenzako."

"Rebeka, watu wanaona."

"Waone. Nilitambaa mpaka shule mimi, dada ni shahidi. Niliacha kwa ajili yako, si kwa ajili ya miguu."

"Nilimwahidi baba yako."

"Ulimwahidi baba. Mimi hukuniuliza." Akaifunga mikanda kwa meno. "Ungeniacha nitambae hapa tu, kwenye hili jiwe, ningekuwa nashuka kila siku."

"Mayu wane," Kashindye akanong'ona, akimwita mama yake kwa lugha ya kwao.

Rebeka aliteremka kutoka kitini hadi ardhini, akakunja gauni na kulifunga kiunoni. Mpira ulishika mwamba vizuri. Alivuta mwili, akapumzika, akavuta tena, miguu ikimfuata nyuma. Alipofika juu ya mgongo wa jiwe alikaa akihema. Masizi yalikuwa yamemjaa mapajani na kwenye gauni la kanisani. Mbele yake lilikuwepo ziwa, na huku chini mabati ya maduka na lile baraza. Aliliangalia kwa muda mrefu. Kisha akateleza upande wa pili, taratibu, na sauti yake ikatokea huko:

"Leta kiti, Mhoja. Na wewe dada, hilo furushi liache hapo kwenye jiwe. Tutalipitia wakati wa kurudi."

Kashindye akamtazama Mhoja. Mhoja alikuwa ameinuka kwa kushika ukuta wa mwamba, na sasa alikuwa akikiinua kiti taratibu, hadi kikakaa kichwani. Hakikuwa kizito. Akaanza kupanda jiwe, magurudumu yakizunguka polepole juu ya kichwa chake, na nyuma yake Kashindye akalitua furushi juu ya majivu.