Wasifiaji wa Kamukuywa

Jumamosi saa tisa kasorobo mchana, Nelima alikuwa akifagia mavi ya kuku katika banda la Sunday school, nyuma ya kanisa la Kamukuywa. Kuku wa mchungaji walikuwa wamelala humo wiki nzima, na kuku wa mchungaji hawafukuzwi ovyo. Alipomaliza alipanga mabenchi manne, akanyunyiza maji kutuliza vumbi, akaketi kusubiri wenzake waje kusifia.

Kusifia ilikuwa kazi ya kila Jumamosi. Vijana kumi na mmoja walikutana hapo kuambiana riwaya walizozipenda, wakifanya kama walivyoona ushuhuda ukitolewa kanisani: unasimama, unasalimia, unataja kitabu, unamtaja mtu unayemsifia kitabu hicho, kisha unaeleza kitabu kilivyokutenda. Ukisifia kutoka moyoni, kesho yake alfajiri kitabu kinaamka mahali kilipo na kumwendea yule uliyemtaja. Kinapita kandokando ya barabara, kikifunguka na kujifunga, na kwa mwendo huo Kamukuywa hadi Kimilili ni asubuhi moja. Watu wa boda boda walikuwa wamezoea kupunguza mwendo. Mama wa mandazi pale steji ya matatu, mvua ikinyesha, alivifunika vitabu kwa karatasi ya nailoni hadi iishe, kisha akaviambia viendelee na safari.

Sharti ni moja: lazima uwe umekisoma. Tonny, ambaye mdomo wake humtangulia kila aendako, alijifunza hilo mwezi wa Aprili aliposifia riwaya nene ya upelelezi kwa Wahu, mwenzao anayekaa Kitale. Tonny alikuwa amefika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Jumapili Wahu akapokea kurasa mia moja na kumi na mbili, zikiwa na jalada la mbele tu. Zilizobaki zilikuwa chini ya kitanda cha Tonny. Ikabidi asome wiki nzima huku akitukanwa kwa simu, na kila alichosoma kikamfikia Wahu mbilimbili, kikipita chini ya mlango. Muuaji aliwasili Alhamisi.

Sasa ilikuwa Agosti na vitabu vilikuwa vimeisha. Walikuwa na riwaya kumi na nne, na kila mmoja wao alishazisoma zote. Sifa zilikuwa zimepoa. Juzi kitabu kilichotumwa Malakisi kilichoka njiani, kikakaa kwenye benchi pale Kimilili hadi kikafuatwa. Jumamosi iliyopita walikuja watu sita, na wawili kati yao walikuwa wakichezea simu. Nelima aliona wazi kwamba Septemba ingewakuta wametawanyika, na jambo hilo lilimnyima raha kabisa, maana katika wiki nzima hakuna saa aliyoipenda kama ile.

Kwa kweli riwaya zilikuwa kumi na tano. Ya kumi na tano ilikuwa chini ya mto wake. Iliitwa Nyuki wa Mama Sarafina, alipewa zawadi alipokuwa wa kwanza kwa Kiswahili darasa la nane, na alikuwa ameisoma mara tisa. Hakuwahi kuisifia kwa mtu yeyote. Angeisifiaje? Ingeenda zake.

Siku hiyo Wahu ndiye aliyefika wa kwanza.

"Niaje," alisema, akijitupa kwenye benchi. "Nyinyi mnalia ati hakuna vitabu, na mimi kila siku naamka nikiangaliana na mia tatu na arobaini."

Mkabala na kwao Kitale kulikuwa na kituo kipya cha vijana, chenye maktaba. Mwaka uliopita mgeni wa heshima alikuja akakata utepe, akapigwa picha ameshika riwaya, akaondoka. Jioni ile ile mlango ukafungwa. Kamati ilisema vitabu vikishikwashikwa vitachafuka, na mgeni akirudi avione vilevile alivyoviacha. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mzee Absalom, mwalimu mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kupangusa vioo vya kabati.

"Si tuvisifie tu, vije," alisema Tonny, aliyeingia nyuma ya Wahu.

"Nani amevisoma?" Nelima akamuuliza.

"Kuna kimoja niliona kwa dirisha. Jalada la buluu, kuna daktari mwanamke amesimama kwa mvua. Hiyo inatosha, bana."

Akasimama, akalisifia jalada hilo kwa Nelima, na kusema ukweli alilisifia vizuri. Jumapili wakati wa chai jalada likafika peke yake, likajilaza mezani karibu na sukari. Mama yake Nelima alilisogeza lisimwagikiwe.

Jumanne Mzee Absalom alishuka kwenye pikipiki langoni kwa kina Nelima, amevaa koti la suti na ufunguo kifuani. Alisalimia watu wote wa boma, akauliza mahindi yanaendeleaje, akanywa kikombe cha kwanza cha chai. Kikombe cha pili kilipoletwa ndipo akasema kilichomleta.

"Binti yangu, nimekuja kuchukua jalada. Wahu ameniambia liko kwako."

Nelima alimletea, limefungwa kwa gazeti lisikunjike.

"Ahsante sana. Kitabu kimekaa uchi siku mbili, na vile daktari mwenyewe ni mtu wa heshima. Hata pale darajani, akimzalisha yule mama na maji yanapanda, kitu cha kwanza aliwaambia wanaume wageuke waangalie..." Mzee akainua kikombe. Akanywa chai.

"Yule mama alijifungua salama, mzee?"

"Mama gani? Hakuna mama."

"Mzee, umekisoma."

"Mimi kazi yangu ni vioo," Absalom alisema, akasimama, akachukua jalada lake, akaaga kila mtu kwa mkono.

Nelima alibaki amekaa pale pale. Mtu aliyefungiwa mwaka mzima na riwaya mia tatu na arobaini, tena mwalimu, hawezi kuwa amesoma moja tu. Mzee alikuwa amezisoma zote, na hakumwambia mtu, maana angefukuzwa. Angesimama tu pale bandani, zingetoka. Lakini miongoni mwa wasifiaji humwombi mtu akusifie kabla wewe hujamsifia. Anayepokea ndiye husimama Jumamosi inayofuata. Lazima kwanza Absalom atumiwe kitabu, na kitabu kilichosifiwa shingo upande hakifiki Kitale.

Palikuwa na kimoja tu ambacho Nelima angeweza kukisifia kwa moyo wote. Aliingia chumbani akalia. Hakuwa mtu wa kulialia, lakini siku hiyo alilia hadi mama yake akabisha mlango kuuliza kama ni jino.

Ijumaa alipata lifti ya lori la mahindi hadi Kitale. Alimkuta Absalom kwenye veranda ya kituo, kitambaa mkononi. Nelima alisimama mbele yake kama wanavyosimama bandani, akasalimia, akataja Nyuki wa Mama Sarafina, akamtaja Absalom.

"Usinitaje mimi," mzee alisema.

"Nimeshakutaja."

Akamsifia kitabu. Akamweleza jinsi nyuki walivyomfuata Mama Sarafina kila mahali, hata kanisani, wakatulia kwenye kofia yake hadi mahubiri yaishe. Akamweleza siku mashemeji walipokuja kupima shamba la mjane, na nyuki wakakaa juu ya kila kigingi, mpimaji akafunga vyombo vyake akaomba maji ya kunywa. Akasema sura ya saba aliisoma akiwa na malaria, akapona kabla haijaisha, akakasirika kwa sababu sasa angetumwa mtoni. Absalom hakupangusa kioo hata kimoja muda huo wote.

Jumamosi alfajiri kitabu kilitoka chini ya mto, kikashuka kitandani. Nelima alikuwa macho tayari, amevaa sweta. Alikisindikiza kama mgeni anavyosindikizwa, polepole, bila kukiharakisha. Palipokuwa na matope alikibeba. Walipofika kwenye daraja la Kamukuywa alikiweka chini upande wa pili, akakiambia kisalimie watu wa huko, akasimama akikitazama hadi kona ikakificha. Alipofika nyumbani alipewa chai ikamshinda kunywa. Ilimuuma kweli kweli, na kwa wiki nzima alikuwa akiupapasa mto bila kujijua.

Jumamosi iliyofuata walikuwa wote kumi na mmoja, maana Nelima alipita kwa kila mmoja akamtisha. Saa tisa kamili, Absalom aliingia bandani, akavua kofia.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi ni Absalom. Tangu mke wangu aondoke duniani sijazungumza hadithi na mtu. Nilikuwa nasoma na kunyamaza, nasoma na kunyamaza." Akakohoa. "Nyuki wamefika salama. Sasa, Nelima, nakusifia yule daktari."

Alisifia kwa nusu saa. Maji yalipanda hadi magotini, taa ikazimika, wanaume wakageuka kuangalia mlima kama walivyoambiwa, na mtoto akazaliwa akilia kwa nguvu. Tonny alipangusa macho akalaumu vumbi, ingawa sakafu ilikuwa imenyunyizwa. Mzee akamgeukia Wahu akamsifia kingine, kisha Tonny, kisha huyu na yule, na kila alipotaka kukaa alikumbuka kimoja ambacho hakingeweza kuachwa. Kuku wa mchungaji walipoingia kulala, alikuwa amesifia kumi na saba.

Jumapili ibada ilichelewa. Kwaya yote ilikuwa imesimama kando ya barabara katika kanzu zao za kijani, ikitazama vitabu vikitoka upande wa Kitale kwa mstari mmoja, vinene nyuma na vyembamba mbele, cha daktari kikiongoza na jalada lake limerudi mahali pake. Lori moja lilisimama likavipisha, dereva akazima na injini. Vya Wahu havikuwa na safari. Vilivuka barabara tu, vikafika kabla hajaamka. Mlango wa maktaba ulikuwa na kufuli, na ulibaki na kufuli. Vilitokaje, hakuna aliyeuliza.

Baada ya hapo Absalom hakukosa. Watoto walikuja kutoka Kimilili, wakaja kutoka Malakisi, wengine wamebeba vigoda vyao, kwa sababu mabenchi hayakutosha. Nelima alisoma vitabu kumi na tisa kabla ya shule kufunguliwa na akaunguza ugali mara tatu. Jikoni, mtoni, kwenye foleni ya kusaga unga, watu walikuwa wakiambiana mambo ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Novemba ilipoisha, riwaya zote mia tatu na arobaini zilikuwa nje, na Absalom, akiwa hana kingine cha kusema, akasifia Nyuki wa Mama Sarafina kwa msichana mdogo wa Malakisi ambaye vidole vyake vilinuka tumbaku ya kwao. Nelima alinuna siku mbili. Siku ya tatu yule msichana alimpigia simu kuuliza kama mpimaji alirudi, na wakaongea hadi salio likaisha.

Desemba kamati ilikuja kukagua. Mwenyekiti aliivuta kufuli, akaikuta nzima. Akapitisha kidole juu ya vioo, kidole kikatoka safi. Kabati zilikuwa tupu. Akaandika kwenye ripoti kwamba maktaba iko katika hali nzuri na hakuna kitabu kilichochafuliwa, akampongeza Absalom mbele ya wote.

Januari mgeni wa heshima alirudi na riwaya nyingine mia tatu. Utepe mpya ukafungwa mlangoni. Vijana waliwekwa nyuma ya kamba, Nelima na wenzake wakiwamo, wamevaa vizuri. Mgeni alisema jambo linalomsikitisha ni kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni. Watu wakapiga makofi, na Nelima naye akapiga, utepe ukakatwa, picha zikapigwa pale pale mlangoni, magari yakaondoka. Mwenyekiti akamwagiza Absalom afunge, mtu asiguse kitu.

Absalom aliingia ndani, akajifungia.

Tonny alikimbia akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango. "Mzee! Soma haraka bana!"

"Nikiruka mstari, nanyi mtaukosa," sauti ikajibu kutoka ndani. "Kaeni chini."

Wakakaa kwenye nyasi, wote, hadi uzioni. Nelima alisimama dirishani, paji la uso kwenye kioo. Alimwona mzee akivua viatu, akivipanga ukutani, akichukua kitabu cha kwanza cha rafu ya juu. Alikinusa. Akaketi, akafungua, akasoma kwa muda mrefu bila uso wake kubadilika. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mzee akacheka, akacheka hadi akashika kabati kwa mkono mmoja asianguke.

Nje hakuna aliyejua ukurasa ule ulisema nini. Yule msichana wa Malakisi ndiye aliyeanza, kisha Wahu, kisha kicheko kikaenea kwenye nyasi zote hadi langoni, na Nelima akakicheka kitu ambacho bado hajakisoma, machozi yakimtoka, akichora duara kwa pumzi yake kwenye kioo.