Mpando Mmoja wa Godeliva

Ulikuwepo, usikatae. Siku Bede alipoanguka kwenye kona ya tatu ya mlima wa Kiriri, wewe uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu. Mwenzako akageuka kutazama ziwa, utadhani limehamia Bujumbura asubuhi ile. Homa ilikuwa imemwacha Bede siku nne tu kabla, na klabu yetu ya kukimbia ikampandisha mlima mara tatu, mpando mmoja kwa kila Jumamosi aliyokosa. Hakushuka kwa miguu yake. Tukamzika, tukala, na sheria ikabaki palepale.

Godeliva hakuweza kusahau, maana ndiye aliyekuwa akiimbisha.

Kwa miaka kumi na moja alikimbia mbele ya klabu ya Turikumwe. Yeye anaanzisha, safu zinaitikia na kupiga makofi, na miguu inafuata. Klabu isiyo na mwimbishaji ni watu wanaokimbia mvua. Wiki nzima alikuwa muuza vitenge wa Kinama. Jumamosi alikuwa mtu.

Kisha ugonjwa wa mpox ukamkuta. Siku kumi na tisa kwenye kituo cha afya, malengelenge mpaka kwenye nyayo. Vigaga vilipodondoka vyote na daktari kumruhusu, muuguzi alimsindikiza mlangoni.

"Mama Ineza, najua utakimbilia mlimani. Anza kwa kutembea. Ukifika siku ya kukimbia, kimbia huku unaimba. Pumzi ikikukatikia katikati ya ubeti, simama. Kifua kikibana au moyo ukidunda ovyo, urudi hapa siku hiyohiyo."

Siku ya kwanza alitembea mpaka bombani akarudi kulala mchana kutwa. Alilia kwa hasira, kesho yake akaenda tena. Wiki ya tatu alikuwa akikimbia nguzo mbili za umeme na kutembea mbili. Majirani walicheka. Aliwaacha wacheke.

Jumamosi aliyorudi, mwenyekiti Reveriani alimpokea kwa vidole sita hewani.

"Karibu, Mama Ineza. Sita."

"Nitapanda mmoja. Nikiimba."

"Mbele hapana nusu mtu. Usipomaliza sita leo, nafasi yako anachukua Gloriose."

"Mwacheni," akadakia Salvatori kutoka safu ya nyuma. "Anaogopa ngozi mpya itachakaa!"

"Yangu ni mpya, kweli," akajibu Godeliva. "Yako imechakaa mpaka sabuni imekata tamaa."

Safu zikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliwageukia wote.

"Bede nilimwimbisha mimi. Nilimsikia anaacha kuitikia, nikapaza sauti zaidi ili nisimsikie. Leo sirudii, kwa mtu mwingine wala kwa mwili wangu."

Akaanza kupanda. Polepole, hatua fupi, na wimbo wake ukitoka mzima, ubeti kwa ubeti. Klabu ikamfuata kwa mwendo wake. Nyayo zilimwasha, lakini zilishika lami. Reveriani alikimbia ubavuni mwake ili ahesabu. Kwenye kona ya pili alikuwa ameacha kuitikia, mdomo wazi, mkono kiunoni. Godeliva alimtupia jicho na kupunguza mwendo. Hakutaka kumshinda mtu. Alitaka kufika na pumzi yake.

Alifika. Ubeti wa mwisho aliumalizia juu kabisa, sauti haikutetemeka, na mji wote ulikuwa chini yake. Mwili ukamwambia: mmoja tena, unaweza. Labda angeweza kweli. Hapo ndipo kifua kilipomjaa fahari, kwa sababu aliusikia, na bado akasimama.

"Bado mitano!" Reveriani alihema.

"Ibaki."

"Basi Gloriose, njoo mbele! Anzisha!"

Gloriose, binti wa miaka ishirini aliyeitamani nafasi ile tangu siku ya kwanza, alimpita mwenyekiti. Akaenda kusimama nyuma ya Godeliva.

"Nawaanzishia mwenyewe," akasema Reveriani, na kweli akaanza, sauti ikipinda. Akafika pa kuitikia. Watu sitini, na hakuna kofi wala neno. Salvatori mwenyewe aliificha mikono mgongoni. Hata hatua moja haikupigwa, maana bila wimbo klabu haijui kukimbia.

Godeliva alingoja mpaka kimya kile kikamkaa Reveriani vizuri. Kisha akaanzisha wimbo wa kuteremkia, akitembea, na sauti sitini zikapasuka nyuma yake.

Mbele bado ni pake. Lakini sheria bado imo kwenye daftari la klabu, na Jumamosi hii kuna kijana anarudi kutoka kwenye homa, Jumamosi zake ni nne. Ni wa klabu yako, unamjua kwa jina. Usimwombee. Inuka sasa hivi, mwendee mwenyekiti wako nyumbani kwake, na usiondoke mpaka aifute sheria hiyo mbele ya macho yako.