Kidonge Kwenye Kapu la Mkate

Mume wangu Radojko ana kichwa kigumu, lakini sauti yake, ile anayoongozea nyimbo kanisani hapa kijijini, ndiyo iliyoniponza nikaolewa naye. Basi Daktari Vukosava aliposema huenda akapasuliwa shingo, niliwaza koo lake tu. Kisu kikiteleza kidogo tu, sauti hiyo kwaheri.

"Homoni yake imepanda mno," alisema daktari.

Figo za Radojko zilishakufa. Husafishwa damu kwa mashine mjini. Figo zikifa, fosforasi hujaa kwenye damu na kalsiamu hupungua. Hapo tezi nne za shingoni, ndogo kama dengu, huingiwa na kiwewe, zikamwaga homoni inayochota kalsiamu kwenye mifupa. Ndiyo maana nyonga zilimuuma hata kuvaa viatu ikawa kazi.

"Vile vidonge vya kuzuia fosforasi unameza?" akamuuliza Radojko.

"Kila kukicha, Daktari! Na kahawa, kabla sijatia kitu mdomoni."

"Tumbo tupu?"

"Sasa nimeze na nini? Kwetu dawa zote huenda na kahawa ya kwanza. Marehemu mama alifanya hivyo, na bibi pia."

Daktari akashika kichwa. "Mzee wangu, kidonge hicho hukamata fosforasi iliyomo kwenye chakula. Chakula hakipo, kitakamata nini?"

"Ebo!" nikamgeukia Radojko. "Halafu baadaye unajipakulia jibini na malai, kidonge kishapita zamani!"

"Na kahawa yenyewe nani ananipikia, mke wangu?"

Daktari akacheka, akaahirisha upasuaji mpaka vipimo vijavyo.

Nilivihamishia vidonge kwenye kapu la mkate. Jibini, iliyojaa fosforasi, nikaipunguza, mzee akanuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Hata sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba yetu, mbele ya wageni wote, niligonga sahani yake: "Kidonge kwanza!" Shemeji zangu walimcheka mpaka basi.

Siku ya majibu nilikaa roho mkononi. Daktari akasoma, akavua miwani.

"Imeshuka vizuri. Kisu hatukihitaji."

Mungu mkubwa! Nililia palepale bila haya.

Ndani ya basi la kurudi, Radojko akaanza kuimba kwa sauti ya juu, abiria wakageuka. Siku zote humwambia anyamaze, ananitia aibu.

"Ongeza," nikamwambia.