Magunia Yangu Kumi na Mawili

Watu wa hali ya hewa walipotangaza kwamba baada ya siku tatu ingekuja mvua kubwa, na mawimbi ya kupanda hadi barabarani, mtaa wetu ulifanya kikao kwenye banda la samaki. Mwenyekiti akagawa kazi: hawa wazibue mtaro, wale wawahamishie wazee shuleni kule mlimani, kila mwenye nyumba apandishe vyombo juu.

"Na magunia ya mchanga ya kuziba mdomo wa barabara, nani atashona?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Mimi ni fundi cherehani. Miaka kumi na tisa nashona magauni ya harusi, na nilijiambia kwamba aliyeweza kumridhisha bibi harusi na mama yake kwa gauni moja hawezi kushindwa na bahari.

Nilipewa maturubai makuukuu ya lori. Nikayakata magunia marefu kama godoro la mtoto, nikayapiga mshono mara mbili, na mdomoni nikaweka pindo. Ndiyo, pindo. Bahari ije ikute kazi safi.

Kesho yake akapita wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye anauza mkaa, na amejaza magunia mengi kuliko nywele za kichwa changu. Akaliinua moja, akaligeuza huku na huku.

"Wifi, hili la mchanga au la kumzikia ng'ombe?"

"La mchanga. Kubwa ndilo imara."

"Likijaa atalibeba nani?"

"Wewe jua mkaa, wifi. Vitambaa niachie mimi."

Akaniangalia kidogo, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi yangu yote mawili yalikuwa mahututi.

Siku ya tatu asubuhi lori likamwaga mchanga mbele ya duka langu. Tukajaza. Nilisimamia mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, nikiwahimiza watu wasiache kona tupu. Magunia kumi na mawili yakalala mlangoni pangu, yamenona, yamependeza. Mwenyekiti akasema, "Haya, tuyapeleke."

Kinyozi akashika kona, fundi bomba kona, mwenyekiti na mume wangu wakashika nyuma. Moja, mbili, tatu! Gunia halikutikisika. Kilichosogea ni kiuno cha kinyozi tu, na hadi leo ananyoa watu akiwa amekaa.

"Lakini oneni, mshono haujaachia," nikasema.

Mume wangu alikuwa anatazama mawingu kama mtu asiyenifahamu.

Nikasema basi nimwage moja, nilifumue, nilikate vipande vitatu. Ule mshono wa mara mbili ulinichukua karibu saa nzima kuufumua, mtaa mzima umenizunguka, na matone ya kwanza yakaanza kutudondokea. Ndipo wifi akatokea akisukuma mkokoteni uliojaa viroba vyake vitupu vya mkaa na rundo la kamba. Akanipita, akawaambia watu, "Jaza nusu, funga, pitisha." Wakajipanga mstari mpaka mdomo wa barabara, viroba vikapita mkono kwa mkono. Mimi nilipewa kufunga kamba. Kiroba changu cha kwanza kilirudishwa, fundo limelegea.

Mchana wa siku iliyofuata, maji yalipojaa, mawimbi yakaja kweli. Viroba vilizuia mengi, si yote. Nyumba za chini ziliingiwa na maji hadi magotini, lakini ndani hamkuwa na mtu. Wazee wote walikuwa shuleni, wazima, wakilalamikia ugumu wa madawati.

Tuliporudi kutoka shuleni asubuhi yake, kila nyumba ilikuwa na matope. Duka langu lilikuwa na bwawa. Maji yalipita mlango wa uani, ambao sikuufikiria hata kidogo, yakataka kutokea mbele. Mbele yakakutana na magunia yangu yaliyobaki palepale mlangoni. Nje palikuwa pamekwisha kauka, ndani vitambaa vinaelea, na cherehani imezama hadi gurudumu. Vyombo vyangu sikuvipandisha. Nilikuwa na shughuli ya pindo.

Wifi akachomoa kisu. "Nipasue?"

Nikarudi nyuma hatua moja. "Pasua."

Akapasua. Mchanga ukamwagika, maji yakaufuata, na vipande vya chaki na ruwaza za karatasi za kukatia magauni. Kabla hayajaisha akakunja nguo yake, akaingia, akatoka ameikumbatia cherehani yangu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Wifi, si unitukane tu nipumzike," nikamwambia.

"Nitakutukana ikishakauka. Shika huku."

Tukaiweka juani. Tulikuwa tunakamua kitambaa, yeye ncha hii na mimi ile, mwenyekiti alipofika na daftari lake la kuandika hasara za kila nyumba.

"Duka limeharibika," akasema, kalamu tayari. "Chanzo?"

"Andika mafuriko," nikajibu.

Wifi akasonya. "Andika ubishi."

Mwenyekiti akatutazama, mimi, kisha yeye, kisha akaandika kitu kirefu kidogo. Sikuuliza. Nilishika ncha yangu ya kitambaa, nikaendelea kukamua.